Waulizeni Wasiofika Uwanjani

Kwa Waheshimiwa: Waziri mwenye dhamana ya michezo, Waziri wa TAMISEMI, Baraza la Michezo la Taifa, na wakurugenzi wa halmashauri zote tano za mkoa wa Dar es Salaam.

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Temeke. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule za msingi. Ndimi niliyeongoza mchakamchaka asubuhi, niliyechora mistari ya uwanja kwa majivu, niliyesafiri na mabinti kwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na kulala nao madarasani juu ya mikeka. Siandiki kwa niaba ya chama wala klabu. Naandika kwa sababu ya jibu nililopewa jioni moja, ambalo naona ninyi mlipaswa kulisikia kuliko mimi.

Jioni hiyo nilikuwa napita kwenye uwanja wa mtaa wetu, ule wa vumbi wenye magoli ya miti. Vijana wa kiume walikuwa wanacheza, timu mbili, na wengine wamekaa pembeni wanasubiri zamu yao. Ng'ambo ya uwanja, penye bomba, wanawake na mabinti walikuwa kwenye foleni ya maji. Mmoja akatoka kwenye foleni, akaja kunishika mkono na kupiga goti kidogo. "Shikamoo Mwalimu." Nilimjua papo hapo. Alikuwa mfungaji wangu wa netiboli, binti aliyekuwa akisimama chini ya pete, anatulia, anapumua mara moja, na mpira unapita katikati hata upepo ukivuma. Nimefundisha watoto wengi. Wenye mkono kama ule hawafiki watano. Sasa ni mama wa watoto watatu. Kwa mazoea ya ualimu nikamuuliza kama bado anacheza. Akatazama ndoo zake, kisha akanijibu kwa upole, kama mtu anayenikumbusha jambo ninalopaswa kulijua: "Mwalimu, mimi si mtu wa starehe."

Hakusema hana uwanja, maana uwanja ulikuwa hatua thelathini kutoka pale aliposimama. Hakusema hana mpira. Alisema yeye si mtu wa aina hiyo.

Miaka michache kabla ya jioni hiyo nilialikwa kwenye kikao cha wadau wa michezo katika halmashauri moja. Afisa aliyeendesha kikao aliuliza swali zuri: ni vikwazo gani vinavyowazuia wananchi kushiriki michezo? Mikono ikanyooshwa. Uwanja hauna nyasi. Jezi hakuna. Mipira inachakaa upesi. Waamuzi hawalipwi. Wenye vibanda wameanza kula kipande cha uwanja upande wa barabarani. Katibu akaandika yote, na sina shaka orodha hiyo ilifika mahali ikageuka bajeti. Nami nikatazama ukumbi. Karibu wote walikuwa makocha na viongozi wa timu za soka, wanaume, watu wema wanaojitolea kwa mali yao. Kila walichosema kilikuwa kweli. Ila wote walikuwa watu ambao tayari wanacheza. Tuliwauliza waliofika ni nini kinachowazuia watu kufika.

Naomba mnivumilie hapa kidogo, maana ndipo ilipo hoja yangu yote. Kuna taaluma inayochunguza kwa nini watu hawashiriki mapumziko, michezo na burudani, na imeshatimiza miongo kadhaa. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Duane Crawford na Geoffrey Godbey, waliandika makala kuhusu vikwazo vya mapumziko katika familia, wakavigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la ndani ya mtu: haya, woga, kuamini kwamba jambo fulani si la watu kama yeye. La pili ni la mtu na watu wake: mume, mama mkwe, kukosa mwenzake wa kufuatana naye, maneno ya majirani. La tatu ni la mazingira: uwanja, nauli, fedha, saa, taa, choo. Mwaka 1991, wakiwa pamoja na Edgar Jackson wa Canada, walirudi na hoja nzito zaidi, kwamba mafungu haya yamepangana kwa mfuatano. Mtu hupambana kwanza na nafsi yake. Akiishinda, ndipo anapokutana na watu wake. Akikubaliana nao, ndipo anapofika kwenye nauli na uwanja.

Mimi nimeielewa kwa nyumba zetu za uswahilini. Kuna mlango wa chumba, kuna mlango wa uani, na kuna mlango wa kutokea barabarani. Anayelalamika kwamba barabara ina mashimo ni yule aliyekwisha toka nyumbani. Aliyekwama chumbani hana habari ya mashimo, wala hatakuja kwenye kikao chenu kuyalalamikia. Kwa hiyo malalamiko yanayofika mezani kwenu, hata mkiyakusanya kwa uaminifu wote, yatakuwa ya mlango wa tatu tu. Mtanunua nyasi, mtaweka jezi, na waliokuwa wanacheza watacheza vizuri zaidi. Yule mfungaji wangu atabaki bombani na ndoo zake, na ripoti itaandika kwamba wanawake wa eneo hili wana mwamko mdogo.

Neno hilo "mwamko" nimelisikia sana, pamoja na ndugu yake "hamasa". Nawaomba mliogope. Mwaka huohuo wa 1991, Karla Henderson na Deborah Bialeschki, nao wa Marekani, waliandika kuhusu wanawake na mapumziko wakaonesha kwamba kikwazo kikubwa kwa wengi ni kutojiona wana haki ya kupumzika. Mwanamke anajiona ana wajibu kwa kila mtu, na muda wowote anaoubakiza kwa ajili yake unamuuma kama deni. Nilipolisoma jambo hilo nilimsikia mfungaji wangu akiongea. Na tukimwita mtu wa namna hiyo asiye na mwamko, tunamlaumu kwa jambo tulilompandikiza wenyewe.

Nasema tulilompandikiza kwa sababu nilikuwepo. Niliwaona wasichana wa darasa la tatu na la nne wakicheza rede na nage mpaka jua linazama, wakibishana na wavulana, wakirusha mpira kwa nguvu zao zote. Kisha wanafika darasa la sita, la saba. Nyumbani wanaanza kuambiwa "umekua sasa", na kukua huko maana yake ni kurudi mapema, kubeba mdogo mgongoni, kukaa kwa adabu. Shuleni nasi tulikuwa na uwanja mmoja. Soka ilipewa siku nne za wiki, netiboli siku moja, na siku hiyo moja ikiangukia maandalizi ya mechi ya wavulana tuliwaambia mabinti wasubiri. Nililiruhusu hilo mara nyingi. Sikuona kama ni kosa, niliona ndiyo ratiba. Leo najua kwamba kila niliposema "subirini", kuna binti aliyekuwa anajifunza nafasi yake ni ipi.

Si hapa kwetu tu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionesha kwamba duniani kote, vijana wa miaka 11 hadi 17 wasiofikia kiwango cha kutosha cha kuushughulisha mwili walikuwa asilimia 85 kwa wasichana na asilimia 78 kwa wavulana. Hali ni mbaya kwa wote, na kwa mabinti ni mbaya zaidi.

Sasa nirudi kwenye neno starehe, kwa sababu mkituma watafiti mitaani bila kulifikiria, watarudi na karatasi zisizo na kitu. Katika vitabu vya nje wana neno moja linalobeba muda wa mapumziko na yote tunayoyafanya ndani yake kwa kupenda. Kiswahili chetu kimeyagawa. "Starehe" kwa watu wengi ni baa, pombe, wanaume wa mjini na fedha zao. Mwanamke anayejiheshimu, ukimuuliza anafanya starehe gani, atakujibu hafanyi, na pengine atakufungia mlango. "Michezo" ni ya watoto, au ni Simba na Yanga. "Burudani" ni muziki na jukwaa. "Mapumziko" ni kulala, au mtu kaugua. Lakini mwulize yuleyule: jioni unapenda kupunga upepo wapi? Mnasukana siku gani? Kwaya au kasida mnafanyia mazoezi wapi? Shughuli ya mwisho uliyocheza mpaka ukatoka jasho ilikuwa ya nani? Hapo utamwona anafunguka, anacheka, anakumbuka. Watu wetu wana burudani zao tele. Ila za wanawake zimefichwa ndani ya kazi, kiasi kwamba hata wao hawazihesabu: kusukana huku wanachambua mchele, kupiga soga huku wanasubiri maji. Mwanamume ana kijiwe, ana drafti na bao, ana benchi linalojulikana kuwa lake kuanzia saa kumi jioni. Nawauliza kwa moyo mweupe, ni mtaa gani wa Dar es Salaam wenye kijiwe cha kina mama ambacho kazi yake ni kukaa tu?

Na tuzungumze juu ya saa. Mwishoni mwa mwaka 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nililipokea jambo lile kwa furaha kubwa. Nilitoka, nikakimbia na vijana wa klabu za jogging za Temeke, wale wanaoimba huku wakikimbia alfajiri mpaka mtaa mzima unaamka. Ila nilipokuwa narudi nyumbani, kila ua niliopita mwanamke alikuwa ameinama kwenye beseni. Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya kufua sare za shule za wiki nzima. Ndiyo siku ya soko. Ndiyo siku ya kudeki, na ya kwenda msibani au harusini kama ipo. Nia ya kampeni ilikuwa njema, na saa iliyochaguliwa ilikuwa ya watu ambao kuna mtu mwingine anawafulia.

Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa siku ni dakika ishirini na kitu. Zinaonekana chache mpaka umfuate mama wa Mbagala au Vingunguti kuanzia saa kumi alfajiri hadi anapofunga mlango usiku, uone utazikata wapi. Na hili hamhitaji kulikisia. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilishawauliza Watanzania walivyotumia saa zao 24, ndani ya tafiti za nguvu kazi za mwaka 2006, 2014 na 2020/21. Inajulikana humo kwamba kazi za nyumbani zisizo na malipo zimewaelemea wanawake kuliko wanaume. Takwimu hizo hutumika kuzungumzia ajira na uchumi. Naomba wizara ya michezo nayo izifungue, itafute ni saa gani ya siku mwanamke wa mjini anaweza kupumua, kisha ratiba za viwanja zipangwe kwa kufuata saa hiyo.

Kuna kijana mmoja jirani yangu, bado mtoto, mwenye mtindio wa ubongo. Anatumia kiti cha magurudumu. Mikono yake inamtii kwa shida, lakini akili yake ni ya mpira mtupu. Anajua kila mchezaji, anajua kila kanuni. Kutoka kwao hadi uwanjani kuna mfereji wa maji usio na kifuniko na kipande cha mchanga ambapo magurudumu yanazama. Watoto wenzake walijitafutia njia bila kusubiri mtu mzima. Walitafuta ubao wa kuvushia mfereji. Wanamsukuma wanne kwenye mchanga. Wamempa kazi ya uamuzi, na kwa kuwa hawezi kupuliza filimbi vizuri, wamekubaliana kwamba akipiga kelele mpira unasimama. Timu zote mbili zinamheshimu.

Wale watafiti niliowataja waliandika tena mwaka 1993, na walichosema ndicho nilichokiona kwa watoto hawa. Kikwazo si ukuta kila mara. Watu hukizunguka, hubadilisha saa, hubadilisha kanuni, hutafuta wenzao. Kinamama wanaofanya mazoezi kwa kundi alfajiri wakiwa na madera juu ya suruali zao nao wanafanya hivyohivyo. Kwa hiyo utafiti mzuri hauishii kuuliza "nini kinakuzuia". Unauliza pia "wewe uliyeweza, uliwezaje", kwa sababu kwenye jibu hilo mna mpango kazi wa bei nafuu ambao hakuna mshauri mwelekezi atakayewaandikia.

Siku moja likaja bonanza kwenye uwanja ule, lenye mahema na spika kubwa. Yule kijana wa kiti cha magurudumu, mama yake alimvalisha jezi, akamleta. Aliyekuwa akipanga mambo alimwambia mama kwa sauti ya huruma kabisa: "Mleteni hapa kivulini atazame." Wakamsogeza nyuma ya hema. Akatazama migongo ya watu. Mtu yule hakuwa mbaya, na simlaumu kwa jina. Lakini watoto wa mtaani walikuwa wamemfanya mwamuzi, sisi watu wazima tukamfanya mgeni.

Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao ibara yake ya 31 inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Imeridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, na ibara ya 30 inazungumzia kushiriki kwao katika michezo, burudani na mapumziko. Sheria yetu wenyewe ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo miongoni mwa haki ambazo mlezi anawajibika kumpa mtoto, katika orodha ileile yenye chakula na malazi. Hili nimeona niliseme kwa ufupi ili isije ikaonekana naomba fadhila.

Mtaniuliza, je, kuna mahali walipouliza hivyo na kitu kikabadilika? Ndiyo. Katika miaka ya 1990, jiji la Vienna, Austria, liliwatuma wataalamu wa elimu ya jamii kwenye bustani za umma. Wakaona kwamba wasichana wakishafika miaka tisa au kumi hivi wanaanza kutoweka, wavulana wanabaki. Ilikuwa rahisi kusema wasichana wa mjini hawapendi michezo. Badala yake walichunguza bustani yenyewe, wakaona kwamba panapokuwa na eneo moja kubwa la wazi, hugeuka mali ya kundi lenye nguvu, na wasichana wakilazimika kuligombania huondoka. Mwaka 1999 bustani mbili za wilaya ya tano ya jiji hilo, mojawapo ikiitwa Einsiedlerpark, zikapangwa upya. Eneo kubwa likagawanywa vipande, njia za kupita zikaongezwa, ukawekwa uwanja wa voliboli na wa mpira wa vinyoya. Wasichana wakarudi. Kilichobadilika ni mpangilio wa eneo, na mpangilio huo ulitokana na swali lililoulizwa kwa watu sahihi.

Sisemi tuige Vienna. Kule hakuna foleni ya bomba, na nadharia nilizozieleza zilizaliwa kwa watu wenye magari na mwisho wa wiki wa siku mbili. Wapo wasomi wanaozikosoa kwamba zinamtazama mtu mmoja mmoja mno na kusahau jamii iliyomfundisha haya hiyo, nami nakubaliana nao. Ndiyo maana nataka utafiti wetu wenyewe. Watu tunao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Chuo Kikuu Ardhi kina wataalamu wa mipango miji. Kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya. Na Sera ya Maendeleo ya Michezo tunayoitaja kila siku ni ya mwaka 1995. Mfungaji wangu alikuwa bado mtoto mchanga.

Wakati wenyewe ni huu. Macho ya nchi yako kwenye AFCON ya 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na ujenzi wa uwanja wa watu 30,000 ulianzishwa Arusha kwa ajili hiyo. Mimi nami nitafurahi; nimewahi kukaa kwenye Uwanja wa Mkapa pamoja na watu 60,000 nikapaza sauti mpaka ikakauka. Lakini pale tunakwenda kutazama wachezaji ishirini na wawili. Kazi ninayoiombea ni ya hao wengine wote.

Liko jambo moja mahsusi. Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, una mpango wa bustani kubwa ya jiji pale Jangwani, katikati ya Kariakoo na Magomeni. Jiji hili lilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi yaliyojengwa bila kupimwa, ambako eneo la wazi likibaki ni la bahati. Bustani ya namna hiyo hatutaipata mara mbili. Nawaomba, kabla ya mistari ya mwisho kuchorwa, nendeni Tandale, Manzese, Mchikichini na Buguruni mkawaulize wale ambao hamtarajii kuwaona humo. Mwulizeni binti wa miaka kumi na minne angesimama wapi, nani angekuwa karibu naye, angerudi nyumbani saa ngapi na kwa njia ipi. Mwulizeni bibi kama angehitaji kuketi kila baada ya hatua ngapi. Mwulizeni mama wa mtoto mwenye kiti cha magurudumu tangu anapofungua mlango wake: mfereji, mchanga, konda wa daladala anayemwambia gari imejaa. Mwulizeni asiyeona anapendelea sauti gani imwongoze njia.

Wanaouliza wawe wanawake kwa wanawake, na vijana kwa vijana. Waende jioni, watu wakiwa wamerudi. Waulize juu ya jana na juzi, maana ukimwuliza mtu "kwa kawaida" atakujibu anavyodhani anatakiwa kuishi. Wasiishie kwa baba mwenye nyumba. Na majibu yakirudi, yatenganishwe kwa jinsia, kwa umri na kwa ulemavu kabla hayajafika mezani kwenu, la sivyo sauti za wengi wanaocheza zitazimeza za wasiocheza.

Nina hakika baadhi ya majibu yatakuwa madogo kiasi cha kuwashangaza. Nitataja niliyoyasikia mimi nilipoanza kuuliza baada ya jioni ile, bila karatasi wala kalamu, nikiwa nimeketi tu na watu. Choo chenye mlango unaofungika. Taa moja upande wa kichochoro, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu giza linaanza kuingia. Ukuta mfupi wa makuti au matofali, ili anayevaa hijabu aweze kukimbia bila kuhesabu macho. Pete za netiboli, mbili tu, zilizosimikwa kwa zege ili zisihamishwe siku ya mechi ya wavulana. Saa moja iliyoandikwa ubaoni kwa jina la kina mama, inayolindwa na mwenyekiti wa mtaa. Mtu wa kuangalia watoto wadogo kwa saa hiyo. Na bomba la maji kufunguliwa mapema zaidi.

Hilo la bomba alinieleza yeye mwenyewe, mfungaji wangu. Nilimrudia baada ya wiki mbili. Safari hii sikumuuliza kama anacheza. Nilimuuliza jana yake ilikwendaje, saa kwa saa, naye akanieleza tukiwa tumeketi kwenye ndoo zilizofudikizwa. Tulipofika saa kumi na moja jioni alinyamaza kidogo, kisha akasema maji yangekuwa yanatoka saa tisa, angekuwa amemaliza kuchota, watoto wakubwa wangekuwa wamerudi shule, na mumewe angekuwa bado kazini. "Hapo, Mwalimu, ningekuwa na nusu saa." Akaitazama pete iliyopinda iliyobaki upande ule wa shule. Akauliza kama mpira wangu wa zamani bado ninao.

Ninao. Mkiamua kuanzia Temeke, nitawatembeza mimi mwenyewe, na watafiti wenu nitawapokea nyumbani kwangu. Njooni saa kumi na moja jioni, muda ambao wote wako bombani.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Temeke, Dar es Salaam